UZI: Kuongeza chumba au kuchimba bomba karibu na abasia ya kale Uingereza: uangalizi wa kiakiolojia unavyofanyika na unapoharibikia

MwikoNaKamba

Wakuu, uzi huu ni kwa mafundi, wachora ramani na vijana wa akiolojia mlioko Uingereza. Mada ni kazi ndogo: chumba cha nyongeza, gereji, bomba la maji taka, kwenye kiwanja kilicho ndani au kando ya eneo la monasteri ya zama za kati. Kazi kubwa zina timu na bajeti. Hizi ndogo ndizo zinazokula historia kimyakimya.

Tuanze na sababu. Kati ya 1536 na 1540 Henry VIII alifunga monasteri zote za England na Wales. Mapaa ya madini ya risasi yaling'olewa na kuyeyushwa papo hapo, na kule kwenye abasia ya Rievaulx mikuo ya risasi yenye mhuri wa kifalme ilikutwa chini ya kifusi cha kanisa. Mawe mazuri yaliuzwa au yalibebwa tu. Watu wakajenga juu ya kilichobaki. Nenda Bury St Edmunds uone: kuna nyumba zimeingizwa ndani ya gofu la ukuta wa magharibi wa kanisa la abasia. Kwa hiyo bustani ya kawaida kabisa ya nyuma ya nyumba inaweza kuwa imekaa juu ya bwalo, bweni au makaburi ya watawa, na udongo unaoifunika hauzidi nusu mita.

Kisheria, cha kwanza ni kujua uko upande gani wa mstari. Ikiwa kiwanja kimo ndani ya eneo lililoorodheshwa chini ya sheria ya majengo na mabaki ya kale ya 1979, kibali cha ujenzi cha halmashauri hakitoshi. Unahitaji idhini ya Waziri inayopitia Historic England, taasisi ya serikali ya urithi wa kihistoria, na kuchimba bila hiyo ni kosa la jinai hata kama ni shimo la nguzo ya uzio. Maombi yenyewe hayana ada, kwa hiyo hakuna kisingizio. Ikiwa uko nje ya mstari huo lakini bado ndani ya uzio wa zamani wa abasia, mara nyingi halmashauri hutoa kibali chenye sharti: kazi yoyote ya udongo ifanyike mbele ya mwanaakiolojia (huo ndio uangalizi), kwa mpango ulioandikwa na kukubaliwa kabla. Mpango huo watu wa fani wanauita kwa herufi zake, WSI (Written Scheme of Investigation).

Soma sharti neno kwa neno. Likisema "kabla ya kazi kuanza", maana yake kabla ya koleo la kwanza. Kuvunja jamvi la zamani la zege nako ni kazi kuanza.

FundiJamvi

Asante mkuu kwa kuanzisha. Nichangie upande wa ujenzi, maana hapo ndipo ninapoona watu wakichelewa: wanadhani uangalizi unaanza siku mashine inapofika. Unaanza kwenye mchoro wa msingi.

Msingi wa kawaida wa chumba cha nyongeza kwenye udongo wa mfinyanzi ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1 au zaidi, unaojazwa zege karibu mpaka juu. Mtaro huo unapita katikati ya kila kitu. Lakini si lazima. Kwa chumba chepesi unaweza kuuliza mhandisi kuhusu jamvi nene lenye nondo linalokaa juu juu, au nguzo za chuma za kusokota zenye mihimili ya kuziunganisha. Nguzo nane za kipenyo kidogo zinaharibu sehemu ndogo sana ukilinganisha na mtaro wa mita 15. Tahadhari moja: nguzo zikikutana na ukuta wa kale hazipiti, na fundi atataka kuchimba "kidogo tu" aliondoe jiwe. Kwa hiyo mahali pa nguzo pachunguzwe kwanza kwa mashimo madogo ya mkono.

Sasa angalia vitu ambavyo havimo kwenye mchoro wa chumba lakini vinachimbwa:

Bomba la maji safi. Uingereza linakaa kina kisichopungua milimita 750, na mara nyingi linatoka barabarani mpaka nyumbani. Huo ni mtaro mrefu kuliko msingi wenyewe.

Bomba la maji taka la milimita 110. Mteremko wa kawaida ni 1 kwa 40. Ukienda mita 20, umeshuka nusu mita zaidi ya pale ulipoanzia. Mwanzo wa mtaro unaweza kuwa juu ya tabaka la kale, na mwisho wake ukawa katikati ya kaburi.

Shimo la kunyonya maji ya mvua. Hili ndilo baya kuliko yote. Kanuni zinataka liwe angalau mita 5 kutoka kwenye jengo, kwa hiyo linawekwa bustanini kwenye ardhi ambayo haijawahi kuguswa, na linakwenda chini mita moja na nusu au zaidi. Mara nyingi halimo kwenye ramani iliyopelekwa kwa mwanaakiolojia kwa sababu mchoraji aliliacha "litaamuliwa baadaye".

Ongeza na kung'oa visiki, kusawazisha mahali pa kuegesha magari ya mafundi, na nyaya za chaja ya gari la umeme. Yote yaandikwe kwenye WSI kwa mita na kina. Kisichoandikwa hakina mtu wa kukiangalia siku hiyo.

Bibi Ramani

Nitaongezea hatua ya mezani, kwa sababu ukifika kiwanjani bila kujua unategemea kuona nini, hutakiona.

Halmashauri za England zina kumbukumbu za urithi wa kihistoria, zinazojulikana kama HER. Omba taarifa za eneo la nusu kilomita mpaka kilomita moja kuzunguka kiwanja. Chukua ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ramani za zaka za miaka ya 1830 na 1840, na michoro ya magofu kama ipo. Angalia pia ripoti za mitaro ya majirani, hata zile zilizosema "hakuna kitu", maana zinakupa kina cha udongo asilia, yaani ule ambao haujaguswa na binadamu.

Kisha fikiria kama mtawa. Waliowahi kufika Peramiho au Ndanda wanajua jinsi Wabenedikto wanavyopanga maisha yao kuzunguka kanisa. Zama za kati mpangilio ulikuwa mkali zaidi. Kanisa lilikaa mashariki kwa magharibi. Kwa kawaida upande wake wa kusini kulikuwa na ua wa mraba wenye veranda pande zote nne. Upande wa mashariki wa ua huo palikuwa na ukumbi wa mikutano, na bweni juu yake. Kusini bwalo na jiko. Magharibi ghala. Mbele zaidi mashariki palikuwa na nyumba ya wagonjwa. Choo kilikuwa mwisho wa bweni, juu ya mfereji mkuu wa maji.

Ukishajua kanisa liko wapi, unaweza kukisia chumba chako cha nyongeza kimekaa juu ya nini. Ila usiamini kanuni hii kama msahafu. Tintern na Buildwas ua uko kaskazini ya kanisa, na Melrose kule Scotland vivyo hivyo, kwa sababu maji ndiyo yaliyoamua. Tafuta mto kwanza, ndipo ukisie mfereji.

Na mfereji wenyewe usiudharau. Matope yaliyojaa kwenye mfereji mkuu wa Paisley, Scotland, yalitoa vipande vya mawe bapa vilivyochorwa nota za muziki. Ukikata mfereji kama huo kwa mtaro wa bomba bila mtu kuangalia, unatupa maktaba kwenye tipa.

Nje ya majengo makuu kuna eneo kubwa ambalo watu husahau: ghala za nafaka, kinu, mabwawa ya samaki, karakana, geti, ukuta wa uzio. Viwanja vingi vya leo viko hapo. Ushahidi wake ni mwepesi: mashimo ya nguzo, sakafu ya udongo uliogongwa, majivu. Hauna mawe makubwa ya kumshtua dereva wa mashine.

Tabaka la Nne

Swali kwa wenye uzoefu. Kwa nini wasichimbe tu mashimo mawili ya majaribio kabla ya kibali, wakimaliza wakaruhusu ujenzi bila mtu kusimama pale siku nzima?

MwikoNaKamba

Swali zuri ndugu. Mashimo ya majaribio na uangalizi ni dawa mbili za magonjwa tofauti.

Majaribio hufanywa ili kuamua kama kibali kitolewe, au msingi ubadilishwe. Uangalizi hufanywa wakati uamuzi umeshatolewa na uwezekano wa kukuta kitu ni wa wastani. Kosa kubwa la halmashauri na la wateja ni kutumia uangalizi pale ambapo kila mtu anajua kuna makaburi. Hapo unamweka mwanaakiolojia mmoja kando ya mtaro, mashine inanguruma, lori la zege limeagizwa saa nane, na anakuta mifupa saa sita. Mahali kama hapo palihitaji uchimbaji kamili kabla, au msingi usiofika chini.

Kwa hiyo ukiona kiwanja kiko mashariki ya kanisa au kando ya ukuta wake, omba majaribio mapema, kabla ya kupeleka maombi. Gharama yake ni ndogo kuliko kusimamisha kazi wakati mtaro uko wazi.

Sasa siku ya mashine. Nitaeleza kwa mpangilio kwa sababu mpangilio ndio unaookoa.

Asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, mwanaakiolojia, dereva na msimamizi wasimame pamoja na mchoro mkononi. Wakubaliane mtaro uko wapi, kina ni kipi, nyaya na mabomba yaliyopo yako wapi, na ishara ni ipi. Mkono ukiinuliwa juu, ndoo inasimama hapohapo. Pia waandike kwenye WSI kwamba mwanaakiolojia ana mamlaka ya kusimamisha mashine. Asipokuwa nayo, amekuja kutazama tu.

Ndoo iwe ya makali bapa, isiyo na meno. Meno yanalima mistari na kuchanganya rangi za udongo, na rangi ndizo unazosoma. Mashine ya tani moja na nusu mpaka tatu inatosha kwa bustani. Mara nyingi inakodishwa ikiwa na ndoo za meno tu, kwa hiyo agiza ndoo bapa kwa maandishi.

Usianze na mtaro. Hili narudia kwa sababu mafundi wengi hufanya kinyume. Eneo lote la chumba litaondolewa udongo wa juu vyovyote vile ili kupisha jamvi. Basi anza na hilo: ondoa udongo wa juu kwenye eneo lote, kwa safu za sentimita 10, mashine ikirudi nyuma na kusimama juu ya ardhi ambayo haijafunuliwa. Simama kwenye tabaka la kwanza la kale au kwenye udongo asilia, lolote litakalotangulia. Safisha kwa jembe la mkono na mwiko. Hapo unaona mita za mraba 20 kwa pamoja: ukuta unakwenda wapi, shimo linaishia wapi. Rekodi. Ndipo mtaro wa msingi ukatwe. Ukianza na mtaro wa sentimita 60, unaona vipande vipande visivyounganika, na jamvi likifuata baadaye bila mtu kuwepo, kilichokuwa katikati kimepotea.

Udongo wa juu uwe na lundo lake, wa chini lundo lake, yote mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Malundo yapitiwe kwa macho, na kwa kigunduzi cha chuma kama WSI inaruhusu. Kwenye eneo lililoorodheshwa, kigunduzi kinahitaji kibali chake cha pekee.

Udongo mkavu hauonyeshi rangi: unyunyizie maji kwa bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, subiri dakika chache. Mfinyanzi mbichi ukikwaruzwa na ndoo hung'aa kama sabuni na kuficha kila kitu, kwa hiyo uukwangue tena kwa mwiko, usiutazame tu.

Mtaro ukizidi mita 1.2 bila kuegemezwa, mtu asiingie. Hata ulio chini ya hapo unaweza kuua kama udongo ni legelege. Chora na piga picha kutoka juu, au panua kingo kwa ngazi. Hakuna kaburi la abate linalolingana na mtu kufukiwa.

Tabaka la Nne

Nimeelewa mkuu, na mpangilio wa jamvi kwanza sikuwahi kuuona ukiandikwa wazi hivi. Sasa kwenye kuta za mtaro, ukuta wa kale uliokwisha kuibiwa mawe unautambuaje? Wengi tunaona kifusi tu.

Bibi Ramani

Hapo ndipo penye utamu wa maeneo haya, na ndipo wageni wanapopotea.

Baada ya 1540 wanakijiji hawakuishia kwenye mawe yaliyoonekana. Walifuata msingi chini kwa chini, wakachimba mtaro wakitoa jiwe moja moja, kisha wakarudishia takataka. Ukuta haupo tena, lakini umbo lake lipo. Tuuite mtaro wa wezi wa mawe. Kwenye ukuta wa mtaro wako unaonekana kama bendi yenye pande zilizosimama wima, mara nyingi ya upana wa mita moja au zaidi, imejaa chembe za chokaa nyeupe, vigae vya paa vilivyovunjika, vipande vya vioo na mawe madogo yasiyo na thamani. Jiwe zuri la kuchongwa hulikuti, lilikwisha kuondoka. Angalia upande wa pili wa mtaro wako: bendi ileile ikiwepo, unganisha kwa kamba na upime uelekeo kwa dira. Ikienda mashariki kwa magharibi, sambamba na kanisa, umeshika jengo la monasteri hata kama hakuna jiwe moja mahali pake.

Chini kabisa ya bendi mara nyingi kumebaki safu moja ya changarawe au chokaa ya msingi, ambayo wezi hawakuihitaji. Ichore na ipimwe urefu wake kutoka usawa wa bahari. Kipimo hicho ndicho kitakachounganisha kiwanja chako na cha jirani miaka 30 ijayo.

Kosa jingine ni kusema kifusi chenye chokaa ni "cha kubomoa" na kukiacha. Kuna kifusi cha 1539, na kuna kifusi cha gereji ya 1960. Tafuta saruji, tofali za kiwandani, plastiki, vipande vya sahani nyeupe zenye maua ya bluu. Visipokuwepo, usikimbie.

Na kila tukio lipewe namba yake. Kwa desturi ya Uingereza mkato (shimo au mtaro uliochimbwa) unaandikwa kwenye mabano ya mraba na kijazo (udongo uliolijaza) kwenye mabano ya duara. Mtaro wa wezi ni mkato mmoja, kijazo chake kingine, msingi uliobaki kingine, na mtaro wa ujenzi wa awali wa watawa ni mkato wa mwanzo kabisa. Mambo manne mahali ambapo jicho la haraka linaona kifusi kimoja. Yapange kwa mchoro wa Harris, yaani visanduku vinavyoonyesha mfuatano wa matukio, ulioanza Winchester 1973, uone kipi kilikata kipi. Mchoro mdogo wa visanduku kumi tu unakuzuia kusema uongo kwenye ripoti.

FundiJamvi

Niulize kwa niaba ya mafundi wenzangu: uchoraji wa mtaro wa mita nane unachukua muda gani? Maana mkaguzi wa halmashauri naye anataka kuona chini ya mtaro kabla ya zege, na mvua ikinyesha kuta zinaporomoka.

MwikoNaKamba

Haki yako kuuliza, kaka. Kama kuta hazina kitu isipokuwa udongo wa juu na asilia, inatosha kuchora nguzo moja ya mfano ya upana wa mita moja kila upande, kwa kipimo cha 1:10, na picha zenye fito ya kipimo. Hiyo ni saa moja au mbili. Kama kuna tabaka nyingi, panga nusu siku mpaka siku nzima, na mchoro wa juu kwa 1:20. Kamba ya usawa ifungwe kwa misumari na pima maji, kisha urefu wake uchukuliwe kwa leveli kutoka kwenye alama inayojulikana.

Ushauri wangu wa kivitendo: usiagize zege mpaka mwanaakiolojia na mkaguzi wote wawili wamesema sawa, na wote wawili waitwe asubuhi ileile. Kata mtaro kwa sehemu kama hali ya hewa ni mbaya: mita nne zikatwe, zirekodiwe, ndipo mita nne nyingine. Funika kwa turubai. Mtaro ulioporomoka haurekodiki tena, na fundi atachimba zaidi kuusafisha, yaani uharibifu mara mbili.

Sampuli za udongo pia zina muda wake. Kijazo cha shimo, jiko au mfereji kinachoeleweka tarehe yake kichukuliwe lita 40, ndoo nne za lita 10, au chote kama ni kidogo. Ndoo zenye kifuniko, lebo moja ndani na moja nje, kwa kalamu isiyofutika. Udongo wenye maji kutoka kwenye mfereji usiachwe ukauke. Usipoteze ndoo kwenye kijazo cha mtaro wa wezi, kimechanganyika mno kuweza kukuambia watawa walikula nini.

Vitu vidogo: kioo cha dirisha cha zama za kati kikizikwa hugeuka cheusi au kahawia na kufanana na gome la mti. Watu hukitupa. Kiache na unyevu wake, usikioshe, maana rangi iliyopakwa hutoka na maji. Chuma na plasta yenye rangi navyo visioshwe. Vigae vya sakafu vyenye nakshi vipigwe picha mahali vilipo kabla ya kuguswa, kwa sababu kigae kilicholala kwenye chokaa yake ni sakafu, na kilicho kwenye kifusi ni takataka. Ni habari mbili tofauti kabisa.

Mwana wa Kaburini

Nizungumzie mifupa, kwa sababu ndiyo inayoogopesha watu na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi.

Makaburi ya watawa yalikuwa upande wa mashariki ya kanisa mara nyingi, lakini watu walizikwa pia ndani ya kanisa, kwenye veranda za ua na kwenye ukumbi wa mikutano. Walei walikuwa na eneo lao. Mkao wa Kikristo ni kichwa magharibi, nyayo mashariki, mara nyingi bila jeneza la mbao, kwa hiyo hutaona kivuli cha sanduku. Padri huweza kuzikwa na kikombe na kisahani cha madini ya risasi na bati. Kina si "futi sita" za sinema. Kaburi linaweza kuwa chini ya mita moja kutoka kwenye nyasi za leo.

Mfano ambao dunia nzima iliuona ni mfalme Richard III, aliyekutwa 2012 Leicester kwenye kanisa la Wafransisko lililokuwa chini ya maegesho ya magari. Nyayo zake zote mbili hazikuwepo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba zilikatwa na ujenzi wa kibanda kidogo cha karne ya 19. Mtaro mmoja mfupi wa kibanda, bila mtu wa kuangalia, karibu upoteze mfalme. Ndiyo maana nasema hakuna mtaro mdogo kwenye maeneo haya.

Ukikuta mfupa wa binadamu: simamisha mashine, weka turubai, zungushia uzio usionekane na wapita njia. Usiuvute. Mfupa mmoja mmoja uliochanganyika kwenye udongo wa juu ni tofauti na kaburi lililokaa mahali pake, na mwanaakiolojia aseme ni lipi. Kama kuna shaka yoyote kwamba si wa kale, polisi waitwe. Kama ni wa kale na hauko kwenye ardhi iliyo chini ya mamlaka ya Kanisa la England, kuutoa kunahitaji leseni ya Wizara ya Sheria chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya maziko ya 1857. Ukiwa kwenye uwanja wa kanisa linalotumika, ruhusa inatoka kwenye mahakama ya kanisa. Leseni iombwe mapema ikiwa makaburi yanategemewa. Kuiomba mtaro ukiwa wazi ni siku zinazolipiwa bure.

Chaguo la kwanza liwe kuacha marehemu alipo. Inua kina cha msingi, sogeza bomba sentimita 80, funika kwa kitambaa cha ujenzi na mchanga safi, kisha andika mahali alipo. Kama haiwezekani, inatolewa sehemu ile tu inayoathiriwa na mtaro. Usifukue kuingia ukutani kufuata mguu. Fomu ya mifupa ijazwe ikiwa bado ardhini: mkao wa mikono, kichwa kimeelekea wapi, kuna mawe yaliyowekwa kandokando ya kichwa au la. Vipande vya kila mtu viwe kwenye mfuko wake wenye namba, kushoto na kulia kando. Na mafundi waambiwe waziwazi: picha za simu haziruhusiwi. Hawa ni watu waliozikwa kwa sala.

Dada wa Dublin

Kwa walioko Ireland, msichukue taratibu hizi kama zilivyo. Sheria ya 1994 ilitaka taarifa ya maandishi ya miezi miwili kwa Waziri kabla ya kazi kwenye eneo lililorekodiwa, na sheria mpya ya 2023 inaingizwa hatua kwa hatua, kwa hiyo ulizeni idara ya taifa ya majengo na mabaki ya kale kifungu kipi kinatumika siku mnapoomba. Uchimbaji wa kiakiolojia unahitaji leseni ya mtu binafsi, si ya kampuni. Na kigunduzi cha chuma hakitumiwi kutafuta vitu vya kale bila idhini. Chanzo chake kinajulikana: hazina ya Derrynaflan, Tipperary, ilipatikana 1980 kwa kigunduzi kwenye eneo la monasteri, na kesi yake ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Ireland.

Umbo nalo ni tofauti. Monasteri za awali za Ireland hazikuwa na ua wa mraba, zilizungushiwa handaki la duara. Kells mpaka leo barabara zinapinda kufuata duara hilo. Mtaro wako ukipita hapo, tafuta handaki pana na lenye kina lililojaa udongo mweusi, na uwe tayari kwamba chini yake halitafikiwa kwa kina cha msingi wako. Rekodi ulichokikata, usichimbe zaidi kwa udadisi.

Tabaka la Nne

Dada, asante sana. Na England, fundi akiokota sarafu ya fedha kwenye lundo?

MwikoNaKamba

Sarafu moja peke yake kwa kawaida si hazina kisheria. Sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha kutoka sehemu moja, zenye zaidi ya miaka 300, ni hazina. Kitu kingine chenye angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha na umri huo nacho ni hazina. Taarifa iende kwa mchunguzi wa vifo, ambaye England ndiye anayesimamia hazina, ndani ya siku 14. Tangu 2023 kuna kundi jingine la vitu vyenye metali ya aina yoyote vyenye umuhimu wa kipekee vyenye zaidi ya miaka 200. Muhuri wa risasi wa barua ya papa, ambao hukutwa kwenye monasteri na hata makaburini, unaonekana kama kipande cha bomba kilichobondwa. Mwonyesheni mwanaakiolojia kila kipande cha risasi.

FundiJamvi

La mwisho kutoka kwangu, kuhusu makaratasi. Wenye nyumba wengi wanadhani mtaro ukifukiwa kazi imekwisha. Sharti la halmashauri kwa kawaida linataka na ripoti. Likibaki wazi, mwanasheria wa mnunuzi ataliona siku nyumba inauzwa, hata baada ya miaka kumi.

Bibi Ramani

Kweli kabisa. Kwa hiyo mkataba wa mwanaakiolojia utaje vitu hivi kwa bei yake tangu mwanzo: siku za kiwanjani, kuosha na kutambua vitu, wataalamu wa mifupa au sampuli kama watahitajika, ripoti, nakala kwa HER, taarifa kwenye OASIS, mfumo wa mtandaoni wa ripoti za akiolojia, na ada ya makumbusho ya kupokea masanduku. Mteja atie saini kuhusu umiliki wa vitu mapema, maana isipokuwa hazina na mifupa, vilivyopatikana ni mali ya mwenye ardhi na makumbusho haiwezi kuvipokea bila hati yake.

Ripoti ikikubaliwa na mwanaakiolojia wa halmashauri, mwenye nyumba apeleke ombi rasmi la kufunga sharti na ahifadhi barua ya majibu pamoja na hati ya nyumba. Hata kama ripoti ni kurasa sita zinazosema udongo asilia ulikutwa kwenye kina cha sentimita 62 na hakuna kitu cha kale, ipelekwe HER. Anayefuata kuchimba mtaa huo ataanzia hapo.